Makopo Saba ya Mama

2 Machi

Nimeanza kuandika kwa sababu nikiyasema haya kwa sauti nitagombana na mtu, na mtu mwenyewe ni mama yangu mzazi.

Leo muuguzi wa macho amekuja nyumbani. Amemkalisha Mama kibarazani, akammulika kwa tochi, akasema yale yale ya mwaka jana: mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kushoto limeshakomaa na la kulia linafuata. Madaktari wa upasuaji watakuwa hospitali mpaka mwisho wa Mei, kisha wanahamia kwingine na hajui kama watarudi. Jicho likiachwa mno huenda lisirudi tena. Mama akamsikiliza kwa adabu zote, akamkaribisha chai, akamwambia ataenda. Ataenda maua yake yakishafunguka.

Muuguzi akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia ukuta. Mengine alinieleza mlangoni wakati anaaga, mambo ya utaratibu wao, lakini kichwa changu kilikuwa kwenye mapazia ya hoteli ambayo nimeahidi wiki hii na sijakata hata moja.

Maua yenyewe ni yale mayungiyungi ya tunguu kubwa, yanayofungua mdomo kama tarumbeta. Mama alikuwa nalo moja jekundu. Miaka mitatu iliyopita, macho yake yakiwa bado yanamtosha, alikwenda duka la dawa kununua dawa ya kikohozi akarudi na kidole kimejaa unga wa njano wa ua jeupe lililokuwa mlangoni pale. Akaupaka kwenye lake jekundu. Likabeba mimba, kifuko cha mbegu kikapasuka, zikatoka mbegu nyeusi nyembamba kama karatasi iliyoungua. Aliziweka zielee kwenye beseni langu la kuoshea vyombo mpaka zikatoa mizizi, na kwa muda wote huo beseni lilikuwa lake. Mwaka wa kwanza miche ilifanana na nyasi. Nusura niing'oe. Yamebaki makopo saba, ya rangi na ya mafuta ya kupikia, yamepangwa ukutani nyuma ya nyumba. Katika nchi yenye joto kama hii hayalali, yanakaa na majani mwaka mzima. Ndipo Bwana Miche, anayeuza mimea kwenye kona ya kituo cha mafuta, alipomwambia Mama kwamba tunguu likifikia ukubwa wa ngumi linyimwe maji miezi miwili kabla ya mvua, lishtuke, litoe ua. Tangu Januari yamenyimwa.

Hakuna anayejua yatakuwa rangi gani. Mekundu, meupe, au yamechanganyika. Mama anasema, madaktari wakimharibia macho, basi awe ameshaona alichokifanya. Niliposikia hivyo nilinyamaza, maana lilikuwa neno zuri. Naliandika ili nikumbuke kwamba mwanzoni nilikuwa na subira.

5 Machi

Kaka mkubwa amepiga simu. Anaishi mbali, na umbali umempa sauti. Anasema nimlazimishe. Nikamwambia aje amlazimishe mwenyewe, yeye ndiye mkubwa. Akasema ana kazi nyingi sana wakati huu. Sijui mimi nimekaa hapa nafanya nini, labda napunga upepo.

Kumlazimisha Mama. Mwanamke aliyefundisha darasa la kwanza maisha yake yote, mtaa mzima unamwita Mwalimu, na mpaka leo anazungumza na watu wazima kama vile wamekuja shule bila penseli.

9 Machi

Joto. Mapazia ya hoteli. Makopo saba, hakuna kitu.

14 Machi

Mvua imeanza mchana, ya kishindo. Kabla sijafika nyuma Mama alikuwa ameshatoka, anapapasa ukuta, anayasogeza makopo moja moja kutoka chini ya upenu mpaka mvuani. Ameloa chapachapa. Nilipomkaripia akaniambia maji ya mvua hayajawahi kuua mwalimu.

21 Machi

Tumba! Kopo la tatu. Si jani, jani ni bapa, hili ni nene, limechongoka mbele kama mdomo wa bata. Nimeita kama mtoto. Mama akaja, akainama, akalishika kwa vidole viwili kuanzia chini mpaka juu. Hakusema kitu. Nikadhani ni furaha.

Nimempigia Kaka. Nimempigia muuguzi, akatuandikia katikati ya Aprili. Bua likitoka, siku kama ishirini hivi ua linafunguka, Bwana Miche ndivyo anavyosema.

26 Machi

Limekatika.

Nimelikuta asubuhi, limebaki kisiki kwenye shingo ya tunguu, kinatoa maji. Bua lenyewe liko chini, tupu ndani kama mrija. Mama alikuwa jikoni. Nilipomwambia akasema, pole, kama vile ua ni la kwangu.

Ni kuku. Jirani yetu, Mama Kuku, ana kuku ambao hawajui mpaka. Nilikwenda na lile bua mkononi na sikubisha hodi. Nilimwambia anafuga wezi wenye manyoya. Nilimwambia na mengine, ya tangu mwaka juzi. Yeye akaniuliza kuku wake ameliona lini ua la kula akaacha mchele uliomwagika mlangoni kwangu. Nikamwambia ajenge banda. Akaniambia, "Kikulacho ki nguoni mwako, mama. Katafute kwako kwanza." Nikaondoka nikiwa nimeshinda, kwa maoni yangu.

28 Machi

Mvua. Hoteli wamerudisha mapazia mawili, mafupi. Vipimo walivyoleta ni vyao wenyewe.

2 Aprili

Mawili kwa pamoja! Kopo la kwanza na la tano. Nimezungusha wavu wa waya makopo yote, nimekata vidole. Mama amekaa kwenye kigoda ananisikiliza nikigongomea misumari. Akasema, "Unajisumbua bure." Nikamwambia najisumbua kwa ajili ya macho yako.

6 Aprili

Moja limekwenda. Wavu mzima, haujaguswa. Kuku hawezi kuinua waya akaurudisha.

Basi ni konokono. Nimemwaga majivu kuzunguka kila kopo. Mvua ikaja ikayazoa. Nikamwaga tena, mvua ikayazoa tena. Yaani mimi na mvua tunachezeana.

7 Aprili

Nimemleta Bwana Miche mwenyewe aje aone. Kuna kiwavi mmoja, anasema, mwenye mistari, anayetoboa mayungiyungi mpaka moyoni, na akiingia anamaliza tunguu zima. Akachuchumaa, akageuza kile kisiki kwa kidole gumba, akanusa. Akatazama wavu. Akamtazama Mama, aliyekuwa amekaa mlangoni anachambua maharage kwa kupapasa.

"Kiwavi hana ustaarabu huu," akasema.

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema yeye anauza miche tu, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake. Watu wote wananijibu nusu nusu.

9 Aprili

Mama anajikuna vidole mpaka wekundu. Nimemnunulia mafuta ya kupaka. Hasemi amegusa nini.

13 Aprili

La kopo la tano nalo limekwenda. Nimekaa chini kwenye matope, nguo na yote, nikalia. Si kwa ajili ya ua. Nimechoka. Nimempigia muuguzi afute siku yetu, akasema kwa upole kwamba foleni ni ndefu na nafasi zinapungua. Kaka akapiga, akaniuliza inakuwaje mtu mzima ashindwe kulinda kopo. Nikakata simu. Akapiga tena. Nikamwachia iite mpaka ichoke.

Mama alinipikia uji jioni. Ameupika kwa kubahatisha, na chumvi ameiweka mara mbili. Nimeunywa wote.

18 Aprili

Leo nimefanya ujanja, na ujanja umenirudia.

Nilikwenda kwa Bwana Miche nikachukua yungiyungi lililokwisha kufunguka, la rangi ya waridi lenye mistari myeupe, zuri kupita kiasi. Mama akiwa bafuni nikalitoa kwenye mfuko wake nikalishindilia kwenye kopo la pili, nikasawazisha udongo. Kisha nikamwita kwa sauti ya furaha. Sauti yenyewe niliisikia ilivyokuwa ya uongo.

Akaja taratibu. Akaligusa ua pembeni, mdomo mzima, akazunguka. Akashuka na bua. Akafika kwenye tunguu, akalizungushia vidole, akachimba kidogo udongo kwa ukucha.

"Hili limekulia kwenye mfuko wa plastiki," akasema. "Mizizi yake imejikunja kama tambi. Yangu yamekulia kwenye kopo la rangi, mizizi imenyooka kufuata ukuta. Langu umelitupa wapi?"

Lilikuwa kwenye ndoo chini ya meza yangu ya kushonea. Nimelirudisha nikiwa nimeinamisha kichwa, na umri wangu huu. Akanisimamia mpaka nikamaliza, akanielekeza shingo ibaki juu ya udongo, isizikwe. Halafu akasema ua la kununua nilipeleke kwa Mama Kuku, nikamwambie samahani. Nikasema sitaki. Limewekwa mezani kwangu, linamwaga unga wa njano kwenye kitambaa cha watu.

25 Aprili

Kopo la saba limetoa tumba. Hili ndilo la mwisho. Mengine yamekwisha kutoa majani tu na Bwana Miche anasema hayatajaribu tena mpaka mwaka ujao. Sikumwambia mtu. Nimelibeba kopo zima mpaka chumba cha kushonea, nimeliweka kwenye dirisha mbele ya cherehani. Hapa haingii kuku, haingii konokono, haliingii hata jua la mchana. Nikishona naliona. Nikiinua macho, lipo.

Nimemwambia Mama baadaye. Akasema, vizuri.

30 Aprili

Bua limefika shubiri moja. Mama ameomba kuja kukaa nami wakati nashona, anasema mvua inamfanya mpweke. Nimemwekea kiti karibu na dirisha kwa ajili ya mwanga. Ananisimulia watoto wake wa darasani. Yule aliyekula chaki. Yule aliyelia mwaka mzima kisha akawa hakimu. Nimecheka mpaka nimeshona pindo upande usio wake. Sikumbuki mara ya mwisho tulipokaa hivi bila mmoja kumwambia mwenzake la kufanya.

Nikafikiri, labda nimekuwa mkali bure msimu huu. Mtu mwenyewe ni mzee tu anayesubiri ua lake.

2 Mei

Ngozi ya tumba imeanza kuchanika. Ndani kunaonekana wekundu kidogo, au ni mwanga. Muuguzi ametupa tarehe 12. Kaka amefurahi, anasema unaona sasa, kumbe inawezekana. Kama vile ni yeye aliyelibeba kopo.

4 Mei

Nitaandika yote.

Saa nne asubuhi mteja alibisha mlango wa mbele. Mvua ilikuwa kubwa, nikatoka kumfungulia. Alikuwa ni wa hoteli, kaja kuchukua mapazia yake. Sikukaa naye sana. Niliporudi nilikuwa peku, viatu nilivua nikaviacha mlangoni kwa sababu ya matope, kwa hiyo Mama hakunisikia.

Alikuwa amesimama mbele ya dirisha. Mkono wa kushoto umeshika mdomo wa kopo. Mkono wa kulia unapanda bua, kidole na kidole, polepole, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto aliyelala. Ukafika kwenye tumba. Ukakaa pale muda mrefu. Nikataka kuondoka nimwachie faragha yake, kweli nilitaka. Kisha ukashuka mpaka kwenye shingo ya tunguu, ukakaza, ukavunja.

Sauti yake ni ndogo sana, kama kuvunja bamia.

"Mama, unafanya nini?"

Hakushtuka. Akaweka bua juu ya meza, akajifuta maji yake kwenye kanga.

"Nimeshafanya," akasema.

Nilipiga kelele. Nilisema wavu, nilisema majivu, nilisema kuku, nilimtaja Mama Kuku ambaye sisalimiani naye tangu Machi kwa sababu yake. Nikamwambia miaka mitatu amenifanya niishi bila beseni. Nikamwambia watu wanakesha foleni kutafuta nafasi ambayo yeye anaitupa jalalani mara ya pili. Nikamwambia ni mtu mbaya. Hilo nalo nililisema, kwa mama yangu.

Alisubiri kama alivyokuwa akisubiri watoto wake wanyamaze.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Basi maliza."

Nikajikuta nimemaliza. Akatafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Mama yako mkubwa alipelekwa kutibiwa macho akiwa anaona vivuli," akasema. "Akarudi hana hata vivuli. Wewe ulikuwa mdogo. Mimi ndiye niliyemwogesha. Alikuwa akiniuliza kama kumekucha. Kila siku, mwanangu. Jua limewaka, ananiuliza kama kumekucha. Mimi vivuli vyangu ninavyo. Mlango naujua. Wewe ukipita dirishani nakujua. Mnataka niviweke mezani kama karata."

"Lakini ulisema ukiyaona maua utaenda."

"Nilisema, na nilikuwa na maana hiyo. Lile la kwanza ulipoita, nikalishika, nikaona ni kweli sasa. Nilirudi asubuhi kulishika tena tu. Mkono ukavunja. Baada ya hapo ikawa rahisi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema anaogopa. Niliuliza kwa hasira bado, maana hasira haina breki.

"Hamkuniuliza kama naogopa," akasema. "Mliniuliza lini."

Nimekaa kwenye cherehani na sikushona kitu. Yeye akakaa pale pale anajikuna vidole. Ni yale maji ya bua yanayowasha. Mafuta niliyomnunulia yalikuwa ya hayo. Nilitaka kumshika mkono na nilitaka kumfungia nje mvuani, yote mawili kwa wakati mmoja, na sikufanya lolote.

5 Mei

Hatusemezani. Mvua.

6 Mei

Nimelikata lile tumba kwa wembe nione ndani. Kuna maua manne madogo yamekumbatiana, ya kijani kibichi. Rangi haikuwa imefika bado.

8 Mei

Nimempigia Kaka nikamwambia tarehe 12 haipo tena, nimeifuta. Akaanza. Nikamwacha mpaka akapumua, nikamwambia Mama anaogopa.

Nikasikia akifunga mlango upande wa pili.

"Mama?" akasema. "Mama haogopi kitu."

Nikamwambia hilo ndilo tulilomfanyia, kudhani haogopi. Hakupaza sauti tena. Aliniuliza anakula vizuri, nikamwambia anakula. Akaniuliza mimi je. Kaka hajawahi kuniuliza mimi je tangu nilipozaliwa.

11 Mei

Mama ameanza kusema nami. Maneno yake ya kwanza: niende nikamwombe radhi jirani.

Nikamwambia nilimtukana kwa ajili yako.

"Mdomo ulikuwa wako," akasema.

Nimekwenda na lile yungiyungi la waridi, limeshaanza kusinyaa. Nilisema nilikosea, kuku hawakuhusika, na sikueleza zaidi. Mama Kuku alilipokea ua, akaniangalia sana, akauliza, "Ni Mwalimu, eti?" Nikawatazama kuku wake. Akasema mama yake mwenyewe alificha meno ya bandia mwaka mzima ili asipelekwe harusini. Akanipa mayai. Nimerudi nayo nikiwa na aibu mpaka masikioni, na nimeyakaanga.

16 Mei

Mvua imepungua, inanyesha jioni tu. Tulikuwa tunakunywa chai. Mama akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, kama madaktari wale wanafungua macho yote mawili kwa siku moja.

"Hapana," nikasema. "Wanaanza na lile bovu. La pili haliguswi mpaka waone la kwanza limeponaje."

"Nani kasema?"

"Muuguzi. Alinieleza mlangoni, siku ile alipokuja."

Mama akaweka kikombe chini.

"Siku ile ya Machi."

"Ndiyo."

"Na hukuona kama ni jambo la kuniambia."

Nilitaka kusema nilikuwa na mapazia. Nilitaka kusema nilidhani anajua, au kwamba kwangu lilikuwa jambo dogo la utaratibu. Wavu, majivu, kelele zote zile, na mabua manne yaliyovunjika, na sentensi moja ilikuwa mfukoni mwangu tangu mwanzo wa mvua. Sijawahi kujikasirikia kama leo. Natamani kungekuwa na kuku wa kulaumu.

Mama alikunywa chai yake yote kabla hajasema tena.

"Hili la kushoto halinionyeshi kitu," akasema. "Hata nikilifumba sioni tofauti. Wakilipoteza hawajachukua kitu changu. La kulia wasiliguse mpaka niseme mimi. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze neno."

Nimempigia muuguzi pale pale, mbele yake, na nimesema hivyo hivyo. Akasema imebaki nafasi moja, tarehe 27. Nikarudia kila alichosema kwa sauti, neno kwa neno, mpaka Mama akasema inatosha, yeye si kiziwi.

22 Mei

Hakuna jipya. Majani ya makopo yote saba yamenenepa. Mama anayapangusa vumbi kwa kitambaa.

27 Mei

Ameingia saa tatu. Kwenye benchi alinishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikanikata. Hakuficha. Alisema, "Naogopa," na mimi nikasema, "Najua," na muuguzi akaja na kiti cha magurudumu. Mama akamwambia miguu haijaambiwa ina mtoto wa jicho. Akaenda kwa kutembea.

Ametoka muda si mrefu, jicho limefungwa. Analala wodini. Mimi nimelala kwenye kiti. Sijui chochote.

28 Mei

Walimfungua asubuhi, kwenye ukumbi wa nje wenye madirisha makubwa, pamoja na wazee wengine waliopangwa kwenye mabenchi. Kila aliyefunguliwa alikuwa na lake. Mzee mmoja alikuwa anasoma tangazo la ukutani kwa sauti, mstari kwa mstari, hakuna aliyemnyamazisha.

Muuguzi aliondoa pamba ya Mama, akamsafisha, akamwambia afungue taratibu. Nilikuwa nimechuchumaa mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote. Nilikuwa hata nimejiandaa kuulizwa kama kumekucha.

Akafungua. Akapepesa. Machozi yakamtoka jicho lile, muuguzi akasema ni kawaida. Akaangalia dirisha. Akaangalia mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma, ule wekundu wa vidole. Kisha akaniangalia mimi, na akakaa hapo.

"Mbona umezeeka?" akasema.

Nikataka kucheka. Nikamwambia nimezeeka pale pale mbele yake, miaka yote hii, sikwenda kokote.

"Nywele zimekuwa nyeupe. Na hapa pembeni ya mdomo." Akasogeza uso karibu. "Hakuna aliyeniambia."

Akainua mkono kunipapasa uso kama alivyozoea. Mkono ukafika katikati, ukasimama, akaurudisha mapajani. Akaendelea kuniangalia tu, na mimi nikatulia pale chini aone vizuri, mpaka muuguzi akaja kutuambia benchi linahitajika.